Nani anaona pesa zako? Siri, mamlaka na uwajibikaji kwenye simu yako

Tulipokutana na wateja wetu karibu na stendi ya magari mjini Busia, maswali mawili yalitujia kutoka kwa akina mama walioketi kwenye benchi moja.

Wa kwanza anauza omena. Akauliza: "Nitafanya aje ili mtu yeyote asijue niko na pesa ngapi? Hata huyu wakala sitaki ajue."

Wa pili yuko kwenye chama cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana. Swali lake likawa kinyume kabisa: "Nitafanya aje nione pesa zote ambazo mweka hazina wetu amepokea? Kila tukimuuliza, anatuambia simu ni yake na mambo yake ni siri."

Watu wakacheka. Mmoja anataka kufunika, mwingine anataka kufunua, na wote wawili wanaomba msaada kwetu. Lakini ukifikiria vizuri, wote wako sawa. Wahenga wetu walishaona pande zote mbili. Walisema siri ya mtungi aijuaye kata, yaani mambo ya ndani yana mwenyewe na si ya kila mpita njia. Wakasema pia mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hizi mbili hazipingani. Kila moja ina mahali pake, na kazi yetu leo ni kukuonyesha mahali hapo ni wapi.

Tunavyoona sisi, kipimo ni hiki: kadiri mtu anavyoshika pesa au haki za wengine, ndivyo anavyopaswa kuonekana. Kadiri pesa zinavyokuwa zake mwenyewe, ndivyo anavyopaswa kufunikwa.

Hata Katiba ya Kenya ya 2010 ina sura hiyo. Kifungu cha 31 kinakupa haki ya faragha, pamoja na haki ya kutodaiwa habari za familia yako au mambo yako binafsi bila sababu ya maana. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwananchi afunikwe, mwenye mamlaka aonekane. Sasa tuone hilo linafanyaje kazi kuanzia kwa wakala, nyumbani, kwenye chama, hadi pale mpakani.

Muamala mmoja unaacha alama gani?

Ukimpa mwenye boda shilingi 100 mkononi, baada ya dakika tano hakuna anayekumbuka. Ukimlipa kwa simu, panabaki jina, nambari, kiasi, saa, tarehe na msimbo wa muamala. Ukitoa pesa kwa wakala, inabaki pia rekodi ya wakala aliyekuhudumia, na hiyo inaonyesha ulikuwa wapi.

Muamala mmoja hausemi mengi. Lakini miamala ya miezi mitatu ikiwekwa pamoja inaonyesha siku unayopata pesa, zahanati unayokwenda, kanisa au msikiti unaotoa sadaka, unayemdai, anayekudai, na yule unayemtumia pesa kila Ijumaa jioni. Hiyo ni picha ya maisha yako. Aliye nayo ana nguvu fulani juu yako, hata kama ni mtu mzuri.

Alama hizo hizo ndizo shahidi wako. Mteja akidai hajapokea mzigo, mwenye nyumba akidai hujalipa kodi ya Machi, au pesa zikienda kwa nambari isiyo yake, ni ule ujumbe wa simu unaokutoa kwenye shida. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani anaiona rekodi yako, kwa sababu gani, na wewe unaweza kumuuliza nini.

Kwa wakala: toa kinachohitajika, basi

Wakala anahitaji kuona kitambulisho chako ili ajue anayetoa pesa ni wewe. Hilo linakulinda. Hahitaji PIN yako, hahitaji kushika simu yako, na hahitaji kujua pesa unazotoa ni za nini.

Shida kubwa mara nyingi iko kwenye kitabu. Fikiria ukurasa ambapo jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi na sahihi vimekaa kwenye mstari mmoja, na kitabu kimeachwa wazi juu ya meza. Kila anayekuja baada yako anaweza kukusoma.

Mnakumbuka Juni 2021? Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wameorodheshwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yakafika kwa Kamishna wa Data. Wananchi wengi walinyooshea kidole vitabu vya mawakala na vile vitabu vya wageni kwenye milango ya majengo. Popote majina yale yalikotoka, funzo linabaki: habari uliyoitoa kwa kazi moja inaweza kutumiwa kwa kazi nyingine bila wewe kujua.

Kuna pia kero ambayo dada zetu wengi wanatuambia kwa sauti ya chini. Umelipa dukani au umelipia boda, jioni unapata ujumbe: "Sasa mrembo, ni mimi nilikubeba leo." Hukumpa nambari ili akutongoze. Ulimpa ili apokee pesa. Kwa kadiri unavyoweza, lipa kwa nambari ya tili ya biashara badala ya kutuma kwa laini ya mtu binafsi. Na kama aliyekusumbua ni wakala, tuambie. Nambari ya wakala imeandikwa kwenye ujumbe wako wa kutoa pesa. Hapo sasa daftari linakufaa wewe: yeye ndiye aliye na mamlaka ya kuona nambari za watu, kwa hiyo yeye ndiye wa kujibu.

Nyumbani: kuonyesha kwa hiari si sawa na kuonyeshwa kwa nguvu

Hili tunaulizwa sana, na wanaume na wanawake. "Mume wangu anataka PIN yangu, nimpe?" "Mke wangu anasoma ujumbe wangu wote, ni sawa?"

Hatuwezi kuingia kwenye ndoa ya mtu. Tunachoweza kusema ni kwamba PIN ni kama sahihi yako. Anayeijua anaweza kutuma pesa kwa jina lako, kukopa kwa jina lako, na deni likaandikwa kwako. Kumwonyesha mwenzako salio kwa hiari ni kuaminiana. Kunyang'anywa simu na kukaguliwa kila jioni ni kitu kingine.

Njia ambayo tumeona ikisaidia familia nyingi ni kutenganisha. Pesa za karo, chakula na kodi ya nyumba zikae mahali pamoja ambapo wote wawili wanaona, kwa sababu ni za wote. Pesa ndogo za mtu binafsi zibaki zake. Hapo anayeshika pesa za nyumba anawajibika, na hakuna anayelazimika kueleza kila shilingi 50 ya chai.

Na ujue hili: mtu akija kwenye ofisi yetu akasema "mimi ni mume wake" au "mimi ni mama yake, nipeni taarifa ya akaunti yake", hatumpi. Hata akija na cheti cha ndoa.

Kwenye chama: hapa ndipo mambo huharibika

Turudi kwa yule mama wa pili, kwa sababu swali lake ndilo gumu kuliko yote.

Tuseme chama kina wanachama 20, na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 4,000 kila wiki. Kwa mwaka ni shilingi 208,000. Pesa hizo zote zinaingia kwenye laini ya mtu mmoja, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na anayejua PIN ni yeye peke yake.

Sasa wanachama wakitaka kuona hesabu, mweka hazina ana sababu mbili za kukataa, moja nzuri na moja mbaya, na nyinyi hamwezi kuzitofautisha. Sababu nzuri: laini ile ile ndiyo anapokea pesa za mwanawe, ndiyo analipia dawa, ndiyo anakopea. Akiwaonyesha taarifa ya akaunti, amewaonyesha maisha yake yote. Ana haki ya kukataa. Sababu mbaya: amezitumia. Faragha ya kweli na wizi wa kweli vimevaa nguo moja.

Kosa hapa si la mweka hazina peke yake. Ni la mpangilio wenyewe. Mlichanganya kitu kinachopaswa kuonekana na kitu kinachopaswa kufunikwa, mkaviweka kwenye simu moja.

Na kuna hatari ambayo watu hawapendi kuitaja. Mweka hazina akifariki, pesa zilizo kwenye laini yake kisheria zinaonekana kuwa zake. Familia yake inaweza kuwa na nia njema kabisa na bado nyinyi mkahangaika miezi mingi kuthibitisha kwamba zile 208,000 ni za akina mama 20.

Dawa yake si ngumu:

- Fungueni akaunti ya kikundi, kwa jina la kikundi. Msitumie laini ya mtu.
- Wekeni waidhinishaji watatu, ili pesa isitoke kwa uamuzi wa mtu mmoja. Mwenye kuanzisha malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha.
- Kila mkutano, someni hesabu kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Katibu aandike kwenye kitabu, na kitabu kilingane na taarifa ya akaunti.
- Mbadilishe waidhinishaji mnapochagua viongozi wapya, siku hiyo hiyo, si "tutafanya wiki ijayo".

Lakini uwajibikaji nao una mpaka. Mwanachama aliyechelewesha mkopo ni shauri la chama, si shauri la soko lote. Tumeona watu wakipiga picha ya orodha ya wadaiwa na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ambamo hata majirani wamo. Hiyo si kuwajibisha, ni kuaibisha. Aliyeaibishwa mara nyingi anaacha chama na deni lake linaondoka naye.

Mweka hazina mwaminifu naye ajue kwamba hesabu zilizo wazi zinamlinda yeye kwanza. Siku shilingi 3,000 zitakapokosekana, hatalazimika kuapa kwa jina la marehemu mama yake. Atafungua tu rekodi.

Malaba: mzigo ufuatiliwe, dereva aachwe

Ukifika Malaba utaona foleni ya malori yanayoelekea Uganda na mbele zaidi. Shehena nyingi zinazopita kwenda nchi jirani hufungwa kufuli za kielektroniki, na mamlaka za ushuru za nchi hizi huzifuatilia njiani kupitia mtandao wa pamoja. Hilo lina sababu: mzigo wa kupita ukishushwa njiani bila ushuru, taifa zima linapoteza.

Dereva mmoja alituuliza jambo linalofanana na lile la chama. Tajiri humtumia pesa za safari kwenye laini yake, na mwisho wa mwezi anataka kuona taarifa nzima ya akaunti. "Sasa si ataona hadi pesa ninazotumia nyumbani?"

Ndiyo, ataona. Na tajiri ana haki ya kujua pesa za safari zilikwenda wapi, kwa kuwa ni zake. Hana haki ya kujua mshahara wako uliutumiaje. Weka laini moja ya safari tu: dizeli, maegesho, chakula cha njiani, matengenezo. Taarifa ya laini hiyo mpe tajiri bila kusitasita. Laini ya pili ni yako na nyumba yako.

Mpakani: njia ya panya inakuficha kwa nani?

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Nia yake ni msafiri na mfanyabiashara wahudumiwe na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Kwa wafanyabiashara wadogo kuna pia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili bila kutozwa ushuru wa forodha. Ada nyingine zinaweza kuwepo kulingana na bidhaa, kwa hiyo uliza kabla ya kubeba.

Hata hivyo wengi bado wanapita njia za panya. Tukiwauliza, wanasema: "Huko juu wataandika jina langu." Tunaelewa woga huo. Kuandikwa ni kuonekana, na ukionekana unaweza kutozwa.

Lakini jiulize, njia ya panya inakuficha kwa nani? Inakuficha kwa daftari la serikali. Haikufichi kwa yule anayekungoja kichakani. Yeye anakuona vizuri, anaona gunia lako, na anajua huna pa kumshtaki, kwa sababu kwenye karatasi wewe hukupita pale. Anakutoza anachotaka. Wewe ndiye umeonekana, na yeye ndiye amefichika. Mizani imepinduka kabisa, na mama aliyebeba nyanya ndiye anayelipa.

Ndiyo maana anayetaka kitu kidogo hapendi karatasi. Anataka pesa mkononi. Siku hizi wengine wanasema, "Tuma kwa nambari ya huyu kijana." Kijana huyo ni pazia. Alama ya muamala itaonyesha jina la kijana, na jina la mkubwa halitaonekana popote.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili.

La kwanza, kwako unayelipa. Malipo halali yana jina la ofisi, yana stakabadhi, na huenda kwenye akaunti ya ofisi. Mwaka 2023 serikali ya kitaifa iliagiza huduma zake zilipiwe kupitia Paybill moja, 222222. Ukiambiwa utume ada ya serikali kwa laini ya mtu, simama hapo na uombe stakabadhi kwa upole: "Afisa, naomba karatasi ya malipo." Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana makosa, kwa hiyo hongo haikuachi salama wewe pia. Ukitaka kuripoti, hifadhi ujumbe wa muamala, tarehe na mahali, kisha uwasilishe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Ripoti kitendo cha afisa akiwa kazini. Usisambaze picha za watoto wake wala mahali anapoishi. Ofisi yake ni ya umma, familia yake si ya umma.

La pili, kwako kijana wa boda, wa duka au wa uwakala. Usikubali laini yako iwe daraja la pesa usizozijua, hata ukiahidiwa shilingi 200 kwa kila muamala. Vivyo hivyo kwa mtu wa kubadilisha fedha anayekuomba "upokee tu kidogo" kwa niaba yake. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Uchunguzi ukianza, alama zitaishia mlangoni kwako, na wale waliokutuma watasema hawakujui.

Serikali inaweza kuona nini?

Polisi wanaochunguza kosa la jinai wanaweza kupewa rekodi zako, lakini wanapaswa kuja kwetu na amri ya mahakama. Afisa akikusimamisha barabarani na kusema "fungua simu nione M-Pesa yako", muulize kwa heshima ni kwa amri gani.

Pia tuwe wakweli. Sheria ya 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha inatulazimisha kutunza rekodi za miamala kwa muda usiopungua miaka 7 na kuripoti miamala inayotiliwa shaka. Tukiripoti, sheria haituruhusu kumwambia mhusika. Hatulifurahii jambo hilo, lakini tumeona ni vyema ulijue kutoka kwetu.

Kwa upande wa kodi, mvutano umekuwa wa wazi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na pendekezo la kulegeza masharti ya ulinzi wa data kwa ajili ya kazi ya kukusanya kodi. Mswada wote uliondolewa Juni 2024 baada ya maandamano. Mwaka 2025 likaja pendekezo la kufuta kifungu kinachoizuia Mamlaka ya Ushuru, KRA, kudai data binafsi za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Kamati ya Fedha ya Bunge ikalikataa.

Kodi ni lazima ilipwe, na anayekwepa kodi anawabebesha wengine mzigo wake. Lakini watu wakihisi kila senti inatazamwa au kutozwa, wanarudi kwa pesa za mkononi. Jirani zetu Uganda walijionea mwaka 2018, kodi ya asilimia 1 ilipowekwa kwenye pesa za simu. Kelele zilikuwa kubwa hadi ikashushwa kuwa asilimia 0.5 kwa wanaotoa pesa.

Apu za mikopo zinazopigia simu marafiki zako

Hapa tutapita haraka kwa sababu wengi mnaijua hadithi hii. Unakopa shilingi 2,000, unachelewa siku mbili, na mchungaji wako anapigiwa simu kuambiwa wewe ni mdaiwa sugu. Apu ilisoma majina yote kwenye simu yako siku ile ulipobonyeza "Kubali".

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na zinawakataza kuaibisha wadaiwa namna hiyo. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja yenye apu za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kiholela. Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya Benki Kuu. Apu ikitaka kusoma majina kwenye simu yako, ikatalie.

Na sisi je?

Itakuwa aibu tukuambie haya yote kisha tujifiche. Kwenye hadithi ya mtungi na kata, sisi ndio kata. Tunaona mengi kuliko wakala, kuliko tajiri, pengine kuliko mwenzako nyumbani. Kwa kipimo chetu wenyewe, sisi ndio tunaopaswa kuonekana zaidi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa nguvu hizi juu yetu:

- Kuambiwa tunakusanya nini na kwa kazi gani.
- Kupata nakala ya habari zako tulizo nazo, bila malipo.
- Kutaka tusahihishe kilicho na makosa, kwa mfano jina lililoandikwa vibaya.
- Kukataa habari zako zitumiwe kwa matangazo. Na ndiyo, hata matangazo yetu wenyewe.
- Kuambiwa habari zako zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru. Sisi tunapaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua.

Ukiona tumekukosea na hatujakujibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaitaka ofisi hiyo ichunguze na kuamua ndani ya siku 90. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni kwa mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hatuombi ufike huko, lakini ni vizuri ujue njia iko.

Kama una laini ya Uganda pia, kumbuka upande ule una sheria yake ya ulinzi wa data, nayo ya 2019. Malalamiko ya laini ya Uganda hupelekwa Uganda, ya laini ya Kenya huletwa huku. Usichanganye, utazungushwa.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Jiulize maswali matatu kuhusu kila laini uliyo nayo. Pesa hizi ni za nani? Nani anaziona sasa? Na nani anapaswa kuziona lakini hawezi?

Kama ni zako, zifunike. Badilisha PIN ukishuku kuna anayeijua, na usiiandike nyuma ya kitambulisho. Kama ni za chama, za tajiri au za familia, zitenganishe leo na zako, kisha fungua daftari.

Yule mama wa omena tulimwonyesha jinsi ya kuficha salio lake lisionekane anapofungua simu mbele ya wateja, na tukamsaidia kupata tili ya biashara yake. Yule wa chama tulimpa fomu ya akaunti ya kikundi. Akaikunja akaitia kwenye mkoba. Kisha akatuuliza swali la mwisho: "Nikimpelekea mweka hazina, si atafikiri namshuku?"

Tukamwambia ampelekee yeye kwanza, kabla ya mkutano, na amwambie ukweli: fomu hii ni ya kulinda pesa zetu, na jina lako pia. Mwaminifu ataitia sahihi.

Ukihitaji fomu hiyo, taarifa ya akaunti yako, au una malalamiko kuhusu wakala, tembelea ofisi yetu iliyo karibu nawe Busia au Malaba, au tupigie kupitia nambari ya huduma kwa wateja iliyo kwenye menyu ya simu yako. Njoo na kitambulisho chako. PIN iache kichwani mwako.